Sifuri za Kuzuören

Ankara, 1 Oktoba 2001

Dada Gülizar,

Usishtuke kwa unene wa bahasha. Si kesi, ni kazi. Ndani mna madodoso sitini, thelathini ya sasa na thelathini ya kurudia.

Dodoso hili linapima jinsi kuumwa kichwa kunavyomlemaza mtu. Limetungwa ng'ambo, limezunguka nchi nyingi, na sasa ni zamu yetu. Mimi nimelitia katika Kituruki, mwenzangu akalirudisha kwenye lugha yake ya kwanza bila kuona la awali, tukalinganisha, tukagombana, tukapatana. Sasa lijaribiwe kwa watu, na sitaki wawe watu wa Ankara peke yao. Miaka miwili niliyofanya udaktari hapo kituoni, wewe mkunga ndiwe uliyekuwa macho yangu. Ndiyo maana nakuangukia tena.

Maswali ni matano. Katika miezi mitatu iliyopita, ni siku ngapi hukwenda kazini kwa sababu ya kichwa? Siku ngapi ulikwenda ukafanya chini ya nusu? Siku ngapi hukufanya kazi za nyumbani? Siku ngapi ulizifanya chini ya nusu? Siku ngapi hukuhudhuria shughuli za jamaa na majirani? Mtu anataja idadi, wewe unajumlisha. Soma kama ilivyoandikwa. Usieleze, usiongeze, usimsaidie mtu kujibu. Baada ya wiki mbili waulize wale wale tena, tuone kama majibu yanasimama palepale.

Usiandike majina, andika namba. Atakayefika ishirini na moja au zaidi, yaani daraja la nne, la ulemavu mkubwa, nitamfungulia nafasi kwenye kliniki yetu ya kichwa, bure, pamoja na dawa mpya ya kipandauso ambayo huko haijafika. Kwa hiyo chagua wale unaojua kwamba wanaumwa kweli.

Simu ya kituo bado iko mezani kwa karani, na karani bado ana masikio? Basi tuandikiane.

Mdogo wako,
Müjgan

*

Kuzuören, 22 Oktoba 2001

Daktari wangu,

Bahasha imefika. Karani aliipima kwa mkono akaniuliza kama umeniletea nyama.

Nimewauliza wanawake thelathini, na wote nawajua kwa vichwa vyao kuliko kwa majina. Kuna ambao nimewazalisha huku wanalalamika kichwa na kusahau uchungu. Haya ndiyo matokeo: ishirini na sita wana sifuri. Nimezipanga mezani, sifuri baada ya sifuri, kama mayai kwenye trei.

Nikupe mfano wa namba kumi na saba. Nilimkuta jikoni anakanda unga, mama mkwe wake pembeni anachambua maharage. Nikasoma kama ulivyoagiza: siku ngapi hukufanya kazi za nyumbani kwa sababu ya kichwa? Mama mkwe akadakia, "Hakuna. Mkwe wangu hana ugonjwa."

"Mama Zöhre, swali ni lake."

"Kwani nimemziba mdomo? Jibu, mwanangu."

Akajibu, "Hakuna." Wakati huo amejifunga kichwani ile çatkı, kitambaa chetu cha kubana kichwa kinachouma, ameikaza mpaka nyusi zimepanda, na chini yake amepanga vipande vya viazi vibichi vya kuvuta maumivu. Jicho moja halifunguki vizuri. Mimi nikaandika sifuri, maana ulinikataza kuongeza.

Na lile swali la shughuli za majirani, daktari, aliyelitunga hajawahi kuoka mikate ya majira ya baridi. Sisi tunaoka yufka kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wanawake wanane kuzunguka moto mmoja. Ukikosa kwa jirani, siku yako utajikuta peke yako na gunia la unga. Kwa hiyo hakuna anayekosa. Watakuja wakitapika njiani, lakini watakuja.

Nifanye nini na sifuri hizi?

Gülizar

*

Ankara, 2 Novemba 2001

Dada Gülizar,

Nimempelekea matokeo Profesa anayenisimamia. Amecheka akasema, "Kumbe kule hewa ni nzuri." Unisamehe, nami nimeona haya, na haya zimenitia hasira.

Kosa ni la mahali. Umewauliza mbele ya wakwe zao, na mbele ya mkwe nani atasema hakuosha vyombo? Duru ya pili waite kituoni mmoja mmoja, kwa kisingizio cha presha au chanjo ya mtoto. Funga pazia. Uliza maswali yale yale matano kwa maneno yale yale. Nina hakika namba zitapanda.

Na tafadhali, usiniandikie tena habari za viazi. Nahitaji idadi, na muda unaniishia. Mwezi wa tatu natetea tasnifu.

Müjgan

*

Kuzuören, 19 Novemba 2001

Daktari wangu,

Ramadhani njema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini nimefanya ulivyotaka. Pazia nimefunga, karani nimemtuma mjini. Nao wamejibu sifuri.

Sikiliza namba kumi na saba, tukiwa wawili tu, hata nzi hakuwamo.

"Siku ngapi hukufanya kazi za nyumbani?"

"Dada, nani angezifanya? Ng'ombe angejikamua?"

"Basi siku ngapi ulifanya chini ya nusu?"

"Nimkamue nusu, nusu nimwachie nani?"

Alikuwa anacheka, na mkono mmoja ameushikiza kwenye paji la uso. Nikaweka kalamu chini. Najua ulikataza. Nikamuuliza, "Siku ngapi umefunga kichwa?"

Hakufikiri hata kidogo. Akaanza na wiki ile tuliyochemsha ngano, akaja siku ya harusi ya Satı, akaja mvua ya kwanza, akihesabu kwenye vifundo vya vidole. Siku arobaini na saba. Nikawaita tena wengine, nikawauliza vivyo hivyo. Thelathini, ishirini na mbili, sitini na moja. Hakuna aliyebabaika. Kazi hawakuiacha hata siku moja, lakini kichwa walikifunga, na siku ya kufunga kichwa mwanamke haisahau. Ongeza swali hilo moja, daktari. Moja tu.

Sasa nikuambie nililokuficha. Namba kumi na saba jina lake ni Döndü, nyumba ya baba mkwe wake, Mzee Durmuş, hapa Kuzuören. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mumewe İsmet anaweka vigae Istanbul, huonekana Idi kwa Idi. Ndoa ile niliifunga mimi. Mama Zöhre aliniuliza, "Gülizar, wewe mtu wa afya, msichana mzima?" Nikamwambia mzima kama farasi, na nilikuwa najua kwamba tangu miaka kumi na mitatu kichwa kinamlaza chini akitapika nyongo. Nilidhani akizaa kitaondoka, maana ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa. Amezaa, na kimezidi.

Kwa dodoso lako mdogo wangu hana kitu. Nakuomba umwingize kwenye kliniki kwa njia unayoijua. Sitakuomba lingine.

Gülizar

*

Ankara, 3 Desemba 2001

Dada yangu,

Ungeniambia mapema. Hata hivyo, nisingekuwa nimekusikiliza.

Swali la kitambaa Profesa amelikataa. Anasema tukiongeza swali letu, namba zetu haziwezi kusimama kando ya namba za nchi nyingine, na wenye dodoso hawataturuhusu kulitumia jina lake. Kwa upande wake ana haki. Nimebishana naye mpaka katibu wake akafunga mlango. Mwisho akaniambia, "Binti, ukitaka kupima vitambaa, nenda ukawe mshonaji."

Lakini kuhusu Döndü, nimefanya jambo. Nimechukua zile siku arobaini na saba, nikaziandika kwenye fomu ya kliniki, si ya utafiti, na nafasi yake ni tarehe 14 Januari. Barua ya wito imeondoka Ijumaa, ina muhuri wa hospitali, na nimeiandika kwa herufi kubwa ili mlinzi wala karani wa mlangoni asipate pa kumkatalia: "Ulemavu mkubwa unaotokana na kuumwa kichwa, daraja la nne, apokewe bila kucheleweshwa." Nimeituma kwa jina lake mwenyewe, Bibi Döndü, Kuzuören. Nilitaka apate walau bahasha moja yenye jina lake.

Nimefurahi leo, dada, baada ya siku nyingi.

Müjgan

*

Kuzuören, 20 Desemba 2001

Daktari,

Kijijini kwetu posta haipiti nyumba kwa nyumba. Gari huishusha kwenye mkahawa wa wanaume, na mwenyekiti wa kijiji huwasomea barua wasiojua kusoma, na za wanawake huzifungua zote. Wewe hukujua, kwa sababu miaka yako miwili barua zako zililetwa kituoni pamoja na chanjo. Mimi nilijua tangu nizaliwe. Haikunipitia akilini kwamba utamwandikia yeye.

Ilifika siku moja kabla ya Idi. Wanaume walikuwa wamejaa mkahawani wakingoja adhana, bila chai, bila sigara, hawana la kufanya ila kusikiliza. Mwenyekiti akasoma kwa sauti. Mzee Durmuş akamwomba arudie, akidhani hakusikia. Akarudia: ulemavu mkubwa, daraja la nne.

Mzee akarudi nyumbani, akasimama mlangoni. "Mkwe, serikali inasema wewe ni kilema. Ni kweli?"

Unajua desturi. Mkwe haongei mbele ya baba mkwe mpaka apewe ruhusa, na miaka sita hii Mzee Durmuş hajampa, si kwa ubaya, hajawahi kufikiri. Döndü akainamisha kichwa, akanyamaza kama alivyonyamaza miaka yote sita. Wakachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Nilikwenda mbio nikiwa na koti la kazi. Mama Zöhre alikuwa analia, daktari, na kilio chake kilikuwa cha kweli. "Gülizar, wewe mtu wa afya. Ulijua. Ungetuuzia ng'ombe mgonjwa ningekusamehe." İsmet ameshuka kwenye basi usiku ule na viatu vipya vya mtoto mkononi. Nilimshika bega, nikamwambia sema neno. Akasema, "Baba ndiye anayejua."

Idi pili wamemrudisha kwa baba yetu, na begi moja. Elmas, binti yake wa miaka minne, amebaki. "Mtoto ni wa nyumba hii," wamesema, "mama akipona tutaona." Na kipandauso kinapona lini? Wewe ndiwe msomi, niambie.

G.

*

Ankara, 27 Desemba 2001

Dada Gülizar,

Nimeanza barua hii mara nne. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja na mizigo yake yote.

Naweza kuja. Naweza kumwandikia mwenyekiti nimweleze kwamba neno lile ni kipimo tu, ni hesabu ya siku, halimwiti mtu kilema. Naweza kumtafutia wakili. Kuanzia mwezi ujao sheria mpya ya familia inaanza kazi, mke na mume wanakuwa sawa, na mtoto mdogo hawezi kuzuiwa hivi hivi. Nimeuliza. Wakili anasema kesi itachukua mwaka mmoja, labda miwili.

Nikisoma tena hapo juu naona ninavyoandika, naweza, naweza, na hakuna hata moja linalomrudisha mtoto kwa mama yake wiki hii. Angalau mlete tarehe 14. Hiyo nafasi ipo. Nimpime, nimpe dawa, niwe nimefanya walau lile nililosomea.

Müjgan

*

Kuzuören, 7 Januari 2002

Daktari Müjgan,

Mimi ni Döndü, mdogo wake Gülizar. Niliishia darasa la tano, uniwie radhi mwandiko. Dada anajua nakuandikia lakini hajasoma.

Kwanza sina hasira na wewe. Naambiwa barua yako ilikuwa nzuri na ilikuwa na jina langu juu. Mimi sijaiona, imebaki kwa mwenyekiti.

Hapa kwa baba kichwa kikinijia nalala. Baba anafunga pazia na kuwafukuza kuku wasilie dirishani. Nikilala saa tatu, nne, kinaondoka chenyewe. Sikujua kwamba kinaweza kuondoka hivyo. Kwa kichwa, daktari, sijawahi kuwa na siku nzuri kama hizi, na sizitaki.

Elmas wamemwambia nimekwenda kuumwa. Juzi nilipita njia ya kisimani nikamwona mlangoni. Alinyanyua mguu kunionyesha viatu vipya. Mama mkwe akamwingiza ndani, taratibu, hakumvuta. Si watu wabaya. Wanaogopa nitaanguka na mtoto mkononi, au nitawaachia kazi yote na wao ni wazee.

Nitakuja tarehe kumi na nne na baba. Dawa usihangaike. Nipe karatasi. Iwe na muhuri ule ule na herufi kubwa vile vile, iseme ile ya kwanza ilikosewa, iseme nimepimwa na sina kitu. Wataiamini kwa sababu ya kwanza waliiamini.

Ukikataa nitaelewa kwamba ni uongo na wewe umekula kiapo. Lakini sina mwingine wa kumwomba.

Döndü

*

Ankara, 15 Januari 2002

Dada Gülizar,

Jana wamekuja. Baba yenu amevaa suti yake ya harusini, akaketi kwenye korido na kofia magotini kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Zile taa za korido zinapepesa. Kabla sijamwita Döndü ndani, kilikuwa kimeshamshika. Nilimlaza kwenye chumba cha vipimo, nikazima taa, nikaketi naye. Ilichukua saa tano. Nimeandika juu ya kipandauso kurasa mia moja na arobaini, na sijawahi kukaa na mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Alitapika kwenye beseni mara sita. Kila akimaliza ananiomba kitambaa apanguse sakafu. Nikimwambia alale, anasema, "Dakika moja tu, daktari, nimeichafua." Nilimpa kile kidonge kipya kikatoka pamoja na maji. Mwisho nilimshika mkono tu, jambo ambalo yeyote aliyekuwa koridoni angeweza kulifanya.

Kiliposhuka aliketi, akajifunga ushungi vizuri, akasema, "Karatasi."

Nilimwambia, nimekuona mwenyewe, nitaandikaje kwamba huna kitu? Akanijibu kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto, "Kwa kalamu."

Nimeandika. Nimempima, sikuona ugonjwa wowote wala ulemavu wowote, barua ya awali ilitolewa kimakosa. Muhuri, sahihi, tarehe. Beseni lilikuwa bado miguuni pangu. Aliisoma yote, akakagua jina lake herufi kwa herufi, akaikunja akaitia kifuani. Nimempa vidonge kumi na viwili, na vingine vya kuzuia kichwa kisije, na maelezo nimemwandikia kwa mkono.

Leo asubuhi nilikuwa na Profesa. Amepitia jedwali la Kuzuören. Namba kumi na saba mara ya kwanza sifuri, mara ya pili sifuri. Wengine hivyo hivyo. Amefurahi sana. Anasema majibu yamesimama palepale, dodoso ni imara, na mwezi wa tatu hakuna wa kunipinga. Nilisimama pale nikasema ahsante.

Niambie anavyoendelea.

Müjgan

*

Kuzuören, 26 Februari 2002

Daktari wangu,

Nimechelewa kukujibu. Nilitaka Idi ya kuchinja ipite kwanza, nione kwa macho yangu.

Mwenyekiti aliisoma karatasi mkahawani, pale pale, mbele ya wale wale. Mzee Durmuş alimwomba arudie hii pia, kisha akawaagizia watu wote chai. Kesho yake Mama Zöhre alikuja mwenyewe kumchukua mkwe wake, amemshika Elmas mkono. Walikumbatiana mlangoni kwa baba. Mama Zöhre alilia tena, akasema mimi na hospitali yangu tumemtia aibu bure, na Mungu atanisamehe. Nikamwambia amina. Karatasi wameitia kwenye fremu ndogo, iko sebuleni.

Siku ya kuchinja nilikwenda kuwapa mkono wa Idi. Walichinja kondoo wawili. Döndü alikuwa uani amechuchumaa, anaosha matumbo kwa maji ya baridi tangu alfajiri, na Elmas mgongoni pake. Nilimtazama usoni nikajua kinamuuma. Ukunga unakufundisha kusoma nyuso. Lakini kichwa hakukifunga. Nilimwuliza kwa macho. Akainua mabega. Hana ugonjwa, karatasi inasema, sasa afunge nini? Akifunga watauliza.

Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema wazee, lakini angalau wao kovu waliliona.

Sikulaumu. Nilikuomba umwingize, ukamwingiza, ukaombwa umtoe, ukamtoa. Mimi nilidanganya alipoingia nyumba ile, wewe umedanganya aliporudi, na kati yetu sisi wawili yeye ndiye anayekamua ng'ombe. Madodoso yaliyobaki nimeyachoma kwenye jiko la kituo, usiniletee mengine. Tasnifu yako naiombea heri, na hilo nasema kwa moyo mweupe.

Vidonge alinifuata navyo mpaka getini, akavitia mfukoni mwa koti langu, vyote kumi na viwili, na vile vingine, na maelezo yako ya mkono. Anasema nyumba ile haina pa kuficha kitu ambacho Mama Zöhre hatakifikia siku ya kufagia. Nikamwambia, basi uwe unakuja kituoni unameza kimoja pale kwangu. Akasema, "Nikija kituoni, dada, watasema naumwa."

Nilimwuliza nikuandikie nini. Alikuwa ameshageuka, wanamwita ndani. Akasema nikwambie hajambo.

Gülizar